"Anza upya" si ushauri

Mtu akiuliza kwa nini faili lake la GB 4 limekatika kwenye asilimia 93, jibu ni lile lile: futa, anza upya, mtandao wako mbovu. Haya, tupige hesabu. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, GB 4 ni karibu saa 9, tena mtandao usiyumbe hata kidogo. Huyo mnamwambia akeshe tena, na data aliyokwisha kulipia iende na maji.

Kitufe cha kusitisha hakina uchawi. Mara nyingi kivinjari kinaacha tu kusoma, na muunganisho unabaki wazi hadi seva (kompyuta inayotoa faili) ichoke kungoja. Ndiyo maana ukisitisha dakika mbili mambo huenda sawa, ukisitisha usiku kucha yanaharibika. Muunganisho ukishakatika, kivinjari kinaomba upya: nipe kuanzia baiti fulani. Seva inayojua kazi yake inajibu 206 na kumimina kilichobaki. Seva isiyojali inajibu 200, yaani shika faili zima, toka sifuri. Ombi hilo limo kwenye HTTP/1.1, lugha ya kivinjari na seva, tangu 1997! Lakini mbovu ni mtandao wako, eti.

Pima kabla hujaanza, kwa curl, programu ya kupakua kwa amri za terminali (dirisha la kuandikia amri):

curl -L -r 0-99 -D - -o /dev/null "kiungo"

Jibu la mwisho likiwa 206, kalale. Likiwa 200, bonyeza Ctrl+C upesi, maana faili zima limeshaanza kumiminika. Alama za nukuu usiziache; kiungo chenye & bila nukuu hukatwa hapo hapo kwenye terminali.

Kuna na viungo vinavyoisha muda. Kiungo cha saa 1 kwa faili la saa 9! Kwa kawaida hakikusumbui ukiwa umeunganishwa, kinakuvizia ukatike. Hapo usibonyeze kughairi, kivinjari kitafuta kipande. Kinakili kwanza pembeni (Firefox hukiita .part, Chrome .crdownload), kipe jina la faili lenyewe (hapa faili.iso), chukua kiungo kipya, kisha:

curl -f -L -C - -o faili.iso "kiungo kipya"

Ukiona kosa namba 33, seva imekataa kuendelea, ila kipande chako kiko salama. Ikikubali, ukimaliza linganisha sha256sum (alama ya utambulisho wa faili) na ile iliyotolewa na mwenye faili, kwa sababu curl inatazama ukubwa tu. Kama faili lilibadilishwa kule juu katikati ya safari, utakuwa umeunga nusu la zamani na nusu jipya.

aria2, programu nyingine ya kupakua, nayo ni nzuri, mradi usifute lile faili dogo la .aria2 linalokumbuka ilipofikia. Torrenti, njia ya kupakua vipande toka kwa watu wengi, inahakiki kila kipande, sina neno nayo.

Wenye seva mtasema kujibu 206 ni kazi ngumu. Kwa zip inayotungwa papo hapo, sawa, nawaachia. Lakini faili lililotulia kwenye diski, Apache na nginx, programu za seva, hulijibia 206 zenyewe, bila mtu kugusa mpangilio wowote. Linaharibika pale mnapoliweka nyuma ya kiskripti cha kuhesabu waliopakua, kinachosoma faili toka mwanzo hadi mwisho na kupuuza ombi la baiti. Mmeharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi bure, ili mpate namba ambayo logi (kumbukumbu) za seva tayari zinayo.