"Onesha, usisimulie": ushauri uliovuka mpaka wake

Jumamosi moja tulikaa watu tisa kwenye ukumbi mdogo mjini Moshi, kila mmoja na kurasa zake, tukisomeana. Dada mmoja wa Kibosho akaanza riwaya yake: "Mwaka ule kahawa iliposhuka bei, baba aling'oa mibuni akapanda nyanya." Kabla hajafika sentensi ya pili, kijana anayeandika miswada ya filamu akamkatiza: "Dada, hapo unasimulia. Onesha." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Dada akachukua kalamu, akaifuta sentensi yake kwa mstari.

Kijana yule, kwa kazi yake, yuko sahihi. Muswada wa filamu hauna pa kuweka kisichoonekana wala kusikika. Ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja ya picha, na hakuna kamera ya kupiga "alikuwa na uchungu moyoni". Hata kwenye riwaya ushauri huu umetuokoa na mengi. Anayeandika "Neema alihuzunika sana" amempa msomaji jina la huzuni tu. Akiandika kwamba Neema aliosha kikombe kilekile mara tatu, msomaji atahuzunika mwenyewe. Hilo sibishani nalo.

Ila rudia sentensi ya dada yule polepole. Kwa umri wake, "mwaka ule" ni 1989 na iliyofuata, pale mfumo wa kuigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulipovunjika na bei ikaanguka duniani kote. Uchagani kahawa ndiyo iliyokuwa ada ya shule na bati la nyumba. Mibuni ilikaa kihambani, shamba la nyumbani, chini ya migomba, imerithiwa kwa babu. Sasa pima muda: mbuni mchanga unausubiri miaka mitatu hivi ndipo uanze kuzaa vizuri, nyanya ni miezi mitatu hivi umeshachuma. Mzee anayeng'oa mibuni apande nyanya amechoka kungoja, na watoto wake wanaliona hilo. Nimeifikiria sentensi hiyo wiki nzima. Yote hayo yamo ndani ya maneno kumi, na msomaji wa huku hahitaji kuongezewa hata moja.

Tena itazame hiyo -ka- ya "akapanda". Kiswahili kina kiambishi kizima kilichowekwa kwa ajili ya kusimulia, cha tendo linalotoka kwenye tendo lililotangulia. Aling'oa, akapanda. Katikati hapana kilio, hapana maelezo, na kimya hicho ndicho kinachouma. Ukiigeuza kuwa onesho utapata kurasa tatu za jembe na jasho, na pigo lenyewe limepotea. Hu- nayo ni hivyohivyo: "Bibi huamka alfajiri" ni miaka mingi ndani ya neno moja, na kamera ingedai asubuhi ngapi? Naogopa kwamba tunawafundisha vijana kuikimbia sarufi yao, kwa kanuni inayofaa zaidi kazi nyingine.

Kwa wenye blogu jambo ni jepesi: msomaji yuko kwenye daladala na bando linaisha. Mwambie hoja yako mapema, mfano ufuate.

Baada ya chai nilimwomba dada airudishe sentensi yake. Akairudisha, kwa mashaka. Yule kijana naye alikuwa bado anaifikiria, maana aliuliza swali ambalo mimi sikuliwaza: "Na ile mibuni iliyong'olewa, ilienda wapi?" Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema mama yao aliikatakata kuni.

"Tuliipikia mtori karibu mwezi mzima," akasema. "Baba alikuwa hakai jikoni siku hizo."

"Andika hilo," kijana akamwambia. "Hapohapo chini yake."