Basi la kambi Dodoma: zuia joto juu, kuta ziache

Jirani yangu hapa Dodoma amenunua Toyota Coaster iliyokuwa ikibeba wanafunzi. Viti vimechoka, injini bado nzima. Hana nia ya kuhamia humo. Anataka mahali pa kulala na familia mara tano au sita kwa mwaka: Mtera, Kolo kwenye michoro ya miambani, labda Ruaha shule zikifungwa. Fundi mmoja amempigia hesabu ya kuvua dari, kuta na sakafu, kupachika vizuia joto kila mahali, kisha kufunika kwa plaiwudi. Hesabu hiyo inakaribia nusu ya bei ya gari lenyewe.

Tangu hapo baraza letu la jioni limegawanyika. Wapo wanaosema ukianza kazi, imalize yote. Wapo wanaosema tengeneza paa, kuta ziache kama zilivyo. Hawa wa pili wameitwa wabahili, wengine wakaambiwa hawajui mambo. Naandika kwa sababu naona hawakusikilizwa hadi mwisho.

Hoja ya kazi kamili ina uzito, na sitaki kuipunguza. Bati la chuma halizuii joto wala baridi. Gari lililofunikwa vizuri ndani huwa tulivu: mvua ikipiga juu mnaongea bila kupaza sauti, vumbi haliingii kila upenyo, na kiyoyozi kikiwashwa ubaridi wake unakaa. Mtu anayekusudia kuishi ndani ya gari, akafanya kazi zake humo saa nane mchana, anahitaji kuta. Anayekwenda Kitulo mwezi wa saba, ambako alfajiri nyasi hushika barafu, anahitaji kuta pia, na namwambia hivyo bila kusita. Video ambazo vijana wetu wanazitazama zinatoka kwa watu wa namna hiyo: Wamarekani waliogeuza basi la njano kuwa nyumba, na nje theluji imefika magotini. Kwao ukuta mtupu ni hatari kweli.

Sisi tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la saa sita mchana linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 8 Oktoba. Hilo la Oktoba linaangukia kwenye miezi ya joto kali kabla ya mvua. Saa hiyo kuta za gari karibu hazipigwi na jua. Mzigo wote unabebwa na paa, na kila mita ya mraba ya paa inapokea karibu wati 1,000. Paa la Coaster lina kama mita za mraba 12. Chukua pasi 12 za umeme, ziwashe zote, zilaze juu ya vichwa vya watoto: hicho ndicho kiasi cha joto kinachoshuka juu ya lile bati. Sehemu kubwa inaweza kurudishwa angani kwa rangi nyeupe tu, kazi ya siku moja. Majimbo kadhaa ya Marekani yanaruhusu paa la basi la shule lipakwe nyeupe kwa sababu hiyo hiyo, ingawa sehemu iliyobaki lazima iwe ya njano.

Wazee wa Kigogo waliujua mchezo huu. Tembe lina paa la udongo uliorundikwa juu ya miti, na udongo ule mzito huchelewesha joto la mchana mpaka jua litakapokuwa limekwisha kuzama. Gari haliwezi kubeba udongo huo, kwa hiyo inabidi kutumia kitu chepesi, kama yale mabamba meupe ya povu yanayokuja yamezunguka friji mpya.

Na hapa ndipo penye hesabu ambayo nimeirudia kwa jirani hadi amechoka kunisikia. Bati tupu la paa linapitisha karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la bati na la ndani. Weka sentimita 3 za lile povu jeupe, inashuka hadi wati 1. Yaani sentimita 3 za kwanza zimezuia zaidi ya asilimia 80 ya joto. Ongeza sentimita 3 nyingine: unashuka kutoka wati 1 hadi kama nusu wati. Umelipa mara mbili, umepoteza kimo cha kusimamia ndani ya gari ambalo dari lake lenyewe liko karibu na nywele, na umezuia kipande kidogo kilichobaki. Fundi alipendekeza sentimita 7. Sisemi alitaka kudhulumu, huenda ndivyo alivyofundishwa. Lakini sentimita 3 za kwanza ndizo zenye faida, na kama pesa ni za kuhesabu, ziishie hapo.

Kuta nazo zina shida yao. Ubavu wa Coaster karibu nusu ni kioo, na kioo kinapitisha joto sawasawa na bati tupu. Ukifunika chuma chote cha ubavuni kwa sentimita 3 zile zile, vioo vikabaki vilivyo, joto linaloingia ubavuni linapungua kwa asilimia 40 hivi tu. Kumbe pazia zito au kipande cha povu kilichokatwa kwa ukubwa wa dirisha, kikabandikwa foili upande wa nje, kinafanya kazi kubwa zaidi, na asubuhi unakitoa.

Kisha kuna usiku, na hapa wenye kazi kamili hawajajibu. Mwenye kambi mchana hakai ndani ya gari. Yuko chini ya mkwaju, au kando ya maji. Anaingia kulala saa tatu au saa nne usiku, wakati Dodoma imeshapoa. Chuma chembamba kinapoa upesi, jua likizama ukuta mtupu unatema joto lake nje. Gari lililofungwa kila upande linabaki na joto la mchana ndani mpaka ufungue madirisha. Mwezi wa saba kweli usiku unafika nyuzi 13 au 14, lakini blanketi mbili zinatosha kwa usiku wa namna hiyo.

Jambo linalonikosesha raha kuliko yote ni kutu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye gereji moja Kizota wakati fundi bodi akifungua ubavu wa basi dogo ambalo mwenyewe alikuwa amelijaza mabaki ya godoro ndani ya kuta. Wazo halikuwa baya kwa kulitazama: mabaki ya godoro yapo tele mjini, ni rahisi na mepesi. Fundi alichomoa kipande kimoja chini ya dirisha, akakikamua. Maji mekundu yakamtoka kati ya vidole kama chai ya rangi. Akachukua bisibisi, akagusa ubavu wa chuma pale pale bila hata kusukuma, ikapita. Akanitazama akasema, "Kaka, angeacha wazi angeiona kutu ikiwa bado madoa."

Maji yale hayakutoka mvua peke yake. Mtu aliyelala anatoa kwa pumzi na ngozi karibu theluthi moja ya lita ya maji kwa usiku. Watu wanne ni zaidi ya lita moja. Ukipikia ndani, kila kilo ya gesi inayoungua inazaa lita moja na nusu hivi ya maji. Mvuke huo unatafuta chuma baridi. Nililala kwenye gari la rafiki kule Kondoa, wanne tumefunga vioo kwa ajili ya mbu. Alfajiri nikainua macho: dari lilikuwa kavu, ila kila skrubu ilikuwa na tone lake, yamejipanga mstari kwa mstari kufuata mbavu za paa. Matone yanayoonekana unayafuta kwa kitambaa. Yale yaliyo nyuma ya plaiwudi yanabaki na chuma, na gari la kambi linasimama uani siku zaidi ya 300 kwa mwaka bila mtu kulifungua.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu zuri: povu la kupuliza linashika bati moja kwa moja, halina nafasi ya mvuke kupenya. Likipulizwa na anayejua, kwenye chuma kilichosafishwa kwa msasa na kupakwa redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ni kweli. Lakini raba za madirisha ya basi la shule zimezeeka, na maji yakivuja kutoka juu hupita pembeni mwa povu na kukaa. Na siku gari likigongwa ubavuni, fundi akataka kuchomelea, lile povu lote la karibu lazima likwanguliwe kwanza, la sivyo linashika moto na moshi wake ni sumu. Paa haligongwi mara nyingi hivyo.

Kuna hatari moja ambayo haihusu pesa. Kadiri gari linavyofungwa vizuri ndivyo hewa inavyopungua, na sisi tuna desturi ya kuingiza jiko la mkaa ndani baridi ikibana. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Gari lolote la kulala, limefunikwa au halijafunikwa, liwe na matundu mawili yasiyozibika, moja chini na moja juu, yenye wavu wa mbu. Jiko libaki nje.

Kwa hiyo kwa gari la safari tano au sita za hapa kati, niko na wale walioitwa wabahili: paa jeupe, sentimita 3 juu, mapazia, matundu, sakafu plaiwudi na mkeka. Pesa inayobaki iende kwenye raba mpya za madirisha. Mwenye kuishi ndani au mwenye kwenda Kitulo afuate upande wa pili, na atakuwa amefanya sawa.

Jirani ameshapaka paa. Jumamosi tulivua paneli moja ya ubavuni, nyuma ya kiti cha dereva, tukapiga msasa tukapaka redoksaidi, na tumeiacha wazi kwa makusudi. Mvua za Desemba zikianza tutaangalia maji yanashukia wapi.