Lifti moja kati ya nne inafungwa huku Toronto, watu wanalia utadhani wamefiwa

Juzi wamebandika tangazo ndani ya lifti ya hapa ninapokaa, kwamba lifti namba mbili itafungwa wiki sita kwa matengenezo makubwa, na tangazo lenyewe limetoka miezi mitatu kabla. Jengo lina lifti nne, zitabaki tatu. Na hiyo inayofungwa wala haijaharibika, inapanda na kushuka vizuri tu, ndiyo niliyokuwa nimesimama ndani yake nasoma tangazo. Jirani yangu mmoja, mama wa kizungu mtu mzima ana kambwa kake kamevishwa sweta, akasoma, akaguna, akanigeukia akaniambia hii ni aibu, tunalipa hela zote hizi halafu tuje tusubiri lifti dakika tatu nzima? Nikamjibu ni kweli kabisa mama. Ningemwambia nini sasa, ningeanzia wapi.

Maana mwenzenu kichwani nilishafika Upanga, Dar es Salaam. Mama yangu mkubwa anakaa Upanga ghorofa ya sita, magoti yamechoka, na lifti ya jengo lao ina karatasi imeandikwa LIFTI MBOVU TUMIA NGAZI ambayo imekaa pale mpaka wino ukafifia, na siku moja akatokea mtu, sijui nani, akachukua maka peni akayakoleza yale maandishi upya. Yaani mtu alipata muda, akapata kalamu, akasimama mbele ya lifti mbovu akaamua kukarabati karatasi. Mama mkubwa akitaka mboga anashusha kikapu kwa kamba dirishani na elfu mbili ndani, muuza mchicha anaweka mafungu na chenji, kikapu kinapanda. Nikimwambia mama jamani hiyo lifti, ananijibu "mwanangu mie nishazoea, kwani naenda wapi." Haendi popote kweli. Hospitali akienda wanambeba wajukuu kwenye kiti cha plastiki.

Sasa kabla hamjaanza, najua. Huyu mbeba box kaonja lifti za Canada basi kwao kumekuwa kubaya. Kakaa ulaya miaka michache anajiona katoka mbinguni (na Canada sio ulaya, ila tusibishane). Wadau, mimi nimezaliwa Temeke, choo cha nje, bomba la maji kwa jirani, hakuna mtu wa kunisimulia. Na hii apatimenti yangu, ya vioo na mnara wa CN kwa nyuma, ni chumba kimoja na sebule, mali yangu hapo labda mlango wa bafuni, vingine vyote ni vya benki kwa miaka 25. Niko ghorofa ya 27 lakini hata hiyo 27 ni ya kuazima, jengo halina ghorofa ya 4 wala 13 wala 14 wala 24, wameziruka kwenye namba kwa sababu Wachina wanaikimbia nne na wazungu wanaikimbia kumi na tatu, ukihesabu kihalali mie niko ya 23. Halafu hao hao ndio wanaotushangaa sisi na hirizi zetu.

Kwa hiyo sijaja kuringa. Nimekuja na kitu kimoja tu kinachonikera, na kinanikera zaidi kila nikiona matangazo ya maghorofa mapya ya Masaki na Mikocheni. Dalali anakutumia video, swiming puli juu kabisa, jimu, marumaru mpaka kwenye parking, lifti tatu, jenereta la kuwaka lenyewe, "bosi hii ni laksari ya kimataifa." Sawa. Vyote alivyotaja hapo vinanunuliwa mara moja, siku ya kufungua vinang'aa. Swali ambalo sijawahi kusikia mtu akimuuliza dalali ni hili: mwaka wa kumi na tano hiyo lifti anaitengeneza nani, kwa hela ya nani, na hiyo hela sasa hivi iko akaunti gani?

Huku hilo ndilo swali la kwanza. Ontario, jimbo ninalokaa, wana sheria ya haya majengo ya mwaka 1998, na nimekuja kuijua kwa sababu wananikata dola mia sita na kitu kila mwezi, zaidi ya milioni moja ya kwetu, nje ya deni la benki, nje ya kodi ya mji. Mwezi wa kwanza nililia. Ila sehemu ya hiyo hela haiguswi, inakwenda kwenye mfuko wa akiba wa jengo, na sheria inasema kila miaka mitatu lazima mtaalamu aufanyie tathmini huo mfuko, aangalie paa, mabomba, madirisha, lifti, kila kimoja kitachoka lini na kitagharimu kiasi gani, kwa hesabu ya miaka 30 mbele. Thelathini! Kuna jedwali nimeliona mwenyewe lina mstari wa pampu ya maji na mwaka wake wa kustaafu. Ile lifti namba mbili haifungwi kwa sababu imekufa, inafungwa kwa sababu kwenye karatasi ya miaka hiyo mwaka wake umefika. Na wewe unayetaka kununua, kabla hujatoa hata senti ya nyumba, unaomba cheti cha hali ya jengo, hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 100 na wanatakiwa wakupe ndani ya siku 10, humo unaona mfuko una kiasi gani, nani anawadai, wana kesi mahakamani au la.

Usipolipa je? Hapo ndipo wazungu wanapokuwa sio ndugu zetu. Wanakupa notisi ya siku kumi halafu wanaandikisha deni juu ya nyumba yako, lazima wafanye hivyo ndani ya miezi mitatu, na hilo deni linakaa mbele hata ya benki iliyokukopesha, ukiendelea kukaza shingo nyumba inauzwa. Hakuna mjomba wa kumpigia simu.

Na mtaniambia, oh sisi hatuna hela hizo, oh umaskini. Ndugu zangu tuheshimiane hapo. Sisi tuna hela na tunajua kuchangishana kuliko hawa watu mara mia. Hivi nani asiyejua kamati ya harusi? Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kikao kila jumapili baa, kadi zimechapwa, group la WhatsApp lina orodha yenye majina mia mbili na mbele ya jina AMELIPA, AHADI, AMELIPA NUSU, na mweka hazina anaiposti upya kila jioni mpaka mtu unaona aibu kuwa online. Miezi miwili mmekusanya milioni thelathini, ukumbi, MC, keki ya ngazi, na hesabu inasomwa kwenye kikao cha kuvunja kamati mpaka soda zilizobaki. Hiyo ni menejimenti ya hali ya juu bana, huku wangelipa konsaltanti. Watu hao hao, jengo hilo hilo, waambie lifti inataka milioni kumi na mbili mgawane flati ishirini na nne, laki tano tano. Yule wa chini anasema mimi naitumia wapi. Yule wa tatu ni mpangaji, aulizwe mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko Oman. Wa tano kasafiri. Na yule mwenye hela kabisa, wa juu kule, kashaweka mtu wa kumbebea mizigo.

Nimelifikiria sana hili kwenye treni nikienda kazini. Nadhani harusi ina tarehe na ina macho ya watu. Usipochanga hupati kadi, hupati kiti, na mama yako atakusema. Lifti haina tarehe, ikipona inambeba aliyechanga na asiyechanga, hata yule aliyetukana kwenye kikao inambeba. Kwa hiyo kila mtu anamaliza shida yake ndani ya mlango wake, mwenye simtank lake, mwenye pampu yake, mwenye inveta yake. Ingia flati za pale kwa mama mkubwa, tiles, kiyoyozi, tv ukuta mzima. Toka nje ya mlango, korido ni giza la kaburi, unatembea na tochi ya simu. Ghorofa ya nne kuna jamaa kafunga balbu yake mlangoni, kaichomelea kitundu cha nondo isiibiwe, na swichi iko ndani kwake. Akilala anazima korido. Simlaumu hata, balbu tatu za mwanzo ziliondoka na watu.

Mwingine hapo anaandika "sasa hivi umeme haukatiki, we umeondoka zamani." Bwawa la Nyerere nalijua, megawati 2,115, nalifuatilia kuliko wewe na nikiongea nao huku nalitaja kwa kifua mbele. Sijaongelea umeme mimi. Umeme ukiwepo saa 24 lifti mbovu inabaki mbovu. Mwingine atasema lifti ni anasa, kuna watu hawana maji. Sawa, ila kwenye ghorofa mali ya pamoja sio lifti tu, nguzo nazo ni za pamoja, msingi nao ni wa pamoja. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, sina haja ya kumkumbusha mtu.

Na sheria tunayo! Hilo ndilo linaniuma. Tunayo sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo toka mwaka 2008, unapata hati ya flati yako kama mtu mwenye kiwanja, na wenye flati wanatakiwa wawe na umoja wao wa kusimamia vya pamoja. Hiyo sheria yao ya 1998 imeitangulia yetu kwa miaka kumi tu. Haikosekani karatasi, anakosekana mtu wa kugonga mlango wa jirani na kumwambia baba nanihii unadaiwa.

Halafu msidhani huku ni peponi. Mwaka 2011 hapa hapa Toronto vioo vya balkoni vilikuwa vinadondoka toka maghorofa mapya ya laksari mpaka wanafunga njia za waenda kwa miguu, hao wenye tathmini zao. Kengele ya moto inalia saa nane usiku baridi ya kukata masikio, lifti zote zinashuka chini zenyewe, mnateremka ngazi na mapajama na mbwa, mnafika chini mnaambiwa kuna mtu kaunguza popkoni. Mama mkwe alinitumia mapazia ya kitenge, mazuri, kashona kwa mkono wake, sijamaliza wiki nikapata barua ya uongozi kwamba upande unaoonekana nje lazima uwe mweupe. Nimeyashonea shuka nyeupe kwa nyuma, kwa nje mzungu, kwa ndani Kariakoo. Kuanika nguo balkoni marufuku. Jiko la mkaa usiulize. Na kuna baraza lao la migogoro ya haya majengo, kesi unaendeshewa kwenye kompyuta, na toka mwaka 2022 jirani anaweza kukupeleka pale kwa kelele au kwa harufu, kwa hiyo dagaa wangu wa Kigoma nawakaanga dirisha wazi, feni ya jiko mwisho, moyo unadunda kama nimeiba.

Na mkutano mkuu wa wenye nyumba za jengo, akidi yake inatakiwa asilimia 25 tu ya uniti, na hata hiyo mwaka jana ilipatikana kwa kuhangaika, watu wanatuma karatasi za uwakilishi kwa sababu hawataki kushuka ghorofa kumi kuketi na majirani. Hawapendani hawa. Nakaa nao, nawajua kwa mbwa zao, majina sijui. Ndio maana nasema wao inabidi sheria iwashike shingo, sisi tungeweza hata bila hiyo. Pale kwa mama mkubwa akiugua, milango sita inafunguliwa kabla hajamaliza kukohoa.

Nimejaribu kusaidia. Nimemuomba binamu yangu aanzishe group la wenye flati wote, aliite LIFTI, aweke bei ya fundi aliyekuja kupima na namba ya kuchangia, mimi nikasema nitalipia ya mama mkubwa na nitaongeza juu yake. Wamejaa ndani ya siku mbili, thelathini na kitu. Kuna salamu za asubuhi njema zenye maua, kuna video ya mchungaji, kuna mmoja anauza mabeseni. Fundi hakuna aliyemuulizia. Ila alhamisi baba wa ghorofa ya tatu kaposti kadi ya mchango wa harusi ya kijana wake, na orodha, na mweka hazina kashapatikana, yule yule aliyesema lifti haimhusu, anaposti AMELIPA, AMELIPA kila jioni bila kukosa. Na mimi nimetuma laki, jina langu liko la tisa.