Tusizoee Kuzika Bila Tanga

Siku hizi katika misiba huku Mombasa hakosi mtu wa kusema kwamba Korona ilitufunza jambo: kumbe maiti aweza kuzikwa na watu wachache, bila turubai, bila masufuria ya pilau, na kesho yake kila mmoja akawa kazini kwake. Anayesema hivyo mara nyingi ana nia njema. Ameona familia zikikopa ili kulisha watu waliokuja kuwapa pole. Hata hivyo, funzo hilo mimi nalikataa, kwa sababu nyumba yetu imeonja uchungu wake, na najua si sisi pekee.

Mwaka wenyewe ulianza kama mwaka wowote. Machi 13, 2020, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na kabla ya mwezi kwisha ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli pwani ya kaskazini. Watalii walipoondoka, wafanyakazi wakapewa likizo bila malipo. Watoto wakashinda nyumbani, na Julai Waziri wa Elimu wa wakati huo, Magoha, akasema mwaka wa masomo umefutwa, darasa litarudiwa. Tulihangaika. Lakini hayo yote leo tunayasimulia kwa wepesi, hata watoto wenyewe wakakumbushana michezo ya darini. Lililobaki kooni ni kifo cha bibi.

Bibi alifariki Malindi mwezi wa Mei, ndani ya Ramadhani. Hakufa kwa Korona. Alikuwa mtu mzima na moyo ulikuwa ukimsumbua kwa muda mrefu. Tangu Aprili 8 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, ila malori ya mizigo. Daraja la Mtwapa, ambalo tumezoea kulivuka twendapo Malindi bila hata kulitazama, likawa mpaka. Juu ya hayo sisi ni watu wa Mji wa Kale, na mapema mwezi huo wa Mei Mji wa Kale nao ulikuwa umefungwa, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Mama, kifungua mimba wa bibi, alikuwa kama kilomita 120 kutoka kwa maiti ya mamake na hakuweza hata kufika Barabara ya Digo. Tuliomba kibali, tukaambiwa tungoje. Maiti ya Kiislamu haingojeshwi.

Mazishi tuliyaona kwenye simu. Tuliiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya mkeka, Mama akakaa mbele yake amejitanda leso. Mjomba ndiye aliyetupigia, lakini naye alikuwa na kaburi la kushughulikia, kwa hiyo akamwachia simu mtoto. Tukaona miguu, mchanga, kipande cha jeneza, na upepo ukivuma kwenye spika hata maneno hayasikiki. Mtandao ukakatika wakati wa talakini, maiti anaposomewa kaburini. Kwa jirani zetu, vichochoro ni vyembamba hata madirisha ya ghorofani yanatazamana, na wanawake walimpa Mama pole kutoka dirisha hadi dirisha, kwa sauti kubwa, mbele ya mtaa mzima. Hawakujua namna nyingine. Ubani, yaani pesa za rambirambi, ukaja kwa M-Pesa. Wakati ule kutuma hadi shilingi 1,000 hakukuwa na ada, kwa hiyo waliotuma walikuwa wengi, na simu ililia mpaka usiku. Mama akaitazama, akaniuliza, "Pesa nimepata, mwanangu. Watu wako wapi?"

Nataka kulijibu swali hilo, kwa sababu ndilo wanalolipuuza wanaosifu mazishi ya haraka.

Anayekaa tanga huwa na kazi. Kila mgeni anapoingia huketi, hushika mkono, kisha huuliza: ilikuwaje? Mfiwa husimulia. Alianza kuumwa lini, alikula nini siku ile, alisema nini, nani alikuwa karibu. Akimaliza, anaingia mwingine, naye huanza upya. Siku ya kwanza kila usimulizi hukatizwa na kilio. Kufika siku ya tatu, tanga linapoanuliwa, kisa kimeshasimuliwa mara nyingi mno hata kimekaa mahali pake, na mfiwa anaweza kukitamka mpaka mwisho. Katikati ya hapo kuna anayemlazimisha kunywa uji, kuna aliyechukua watoto, kuna wazee wanaotaja mambo ya marehemu ambayo hata mwanawe hakuyajua. Mama hakuulizwa ilikuwaje. Na lau angeulizwa, angejibu nini? Hakuwepo. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mazungumzo yakielekea Malindi, alikuwa akiinuka na kwenda jikoni.

Kuhusu gharama, nakubaliana na walalamikaji kwa moyo wote. Siku tatu za kupika kwa watu mia, mchele, nyama, kuni, na mwenye msiba ndiye anayebaki na deni la dukani. Huko bara kuna mochari, mabasi na kamati za kuchangisha fedha. Hayo yapunguzwe, na yangepaswa kupunguzwa zamani, maana hayana uhusiano na kumliwaza mtu. Lakini pilau na watu ni vitu viwili, na Korona iliviondoa vyote kwa pamoja. Sasa tunaelekea kuamini kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Na sisi tulipata nafuu. Aprili ile ile mwanamume mmoja alizikwa Siaya usiku, na maafisa waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, kwa pupa, na nchi nzima ikaiona video. Siwezi kufikiria waliomzaa na aliowazaa wanaishi vipi na picha zile.

Vizuizi vya safari vilipoondolewa Julai tulikwenda kuzuru kaburi, tukarudi siku hiyo hiyo kuiwahi kafyu. Hakuna aliyezungumza. Ni baada ya kafyu kuondolewa kabisa, Oktoba 2021, ndipo ukoo ulipokusanyika Malindi kumsomea bibi hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. (Wapo wasiokubali hitima; mjadala huo nawaachia wanazuoni.) Baada ya dua watu hawakuondoka. Mjomba akaanza kusema, na alilolisema hatukulijua. Idadi ya waliohudhuria mazishi siku zile haikutakiwa kuzidi 15, na yeye ndiye aliyelazimika kuandika orodha. Aliiandika kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Alikata majina ya binamu zake, akakata jina la kijana aliyekuwa akimpeleka bibi kliniki kwa bodaboda yake wiki baada ya wiki. Kijana huyo alisimama ng'ambo ya barabara mpaka udongo ukatiwa. Mjomba alilisema hilo machozi yanamtoka, mbele ya Mama, ambaye muda wote huo alikuwa akidhani nduguye alimzika mamao kwa haraka kwa sababu ya woga tu.

Kijana mwenyewe alikuwepo. Mama akamwita aketi karibu, akamuuliza: "Haya, baba, ilikuwaje?" Akamweleza. Kwamba wiki ile ya mwisho bibi alitaka kupitishwa ufuoni, wakasimama pale na pikipiki ikiunguruma. Kwamba alikuwa akiulizia daraja limefunguliwa lini. Mama akamwambia arudie, naye akarudia. Walipoingia wanawake wa jirani, Mama akawasimulia yeye.

Sibishi kwamba ugonjwa ulikuwa mkali na kwamba misongamano ilikuwa hatari. Lakini waliopanga hawakuketi na maimamu, mapadri na wazee wa mitaa kuuliza ni kipi katika msiba hakiguswi. Wangeambiwa watu waje kwa zamu, wakae uwanjani, kwa barakoa. Wangeambiwa pia kwamba lori la saruji likiwa laweza kuvuka Mtwapa, binti wa maiti naye avukishwe, mchana ule ule. Ugonjwa mwingine utakuja, na nataka utaratibu wa misiba uandikwe sasa, akili zikiwa zimetulia.

Kwetu tumeshakubaliana. Ukoo wetu ukifiwa, jikoni ni chai, kahawa, tende na mikate ya jirani, basi. Anayetaka pilau atakula kwake. Tanga litakaa siku zake tatu kamili, na hakuna atakayeandika orodha.