Ada Zinakaribiana, Kitanda Ndicho Ghali

Jumapili shemeji yangu wa Kibosho, jirani na mji wa Moshi, alinifungulia daftari la hesabu. Binti yake amechaguliwa kusomea uhasibu katika vyuo viwili vya umma, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anatakiwa athibitishe kimoja. Kipi nafuu? Shemeji alikuwa ameandika ada tu, kwa kalamu nyekundu, na tofauti ndogo aliyoiona ilimshangaza.

Ada za vyuo vya umma hazipishani sana. Shahada nyingi za biashara na sanaa huzunguka kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka. Bima ya afya ni ileile popote uendapo. Mwanya mkubwa uko kwenye kitanda na sahani.

Tukachora safu ya pili. Akisoma Moshi, binti atashuka na daladala asubuhi, jioni atarudi kula ndizi za kwao. Akienda Dar na kukosa bweni, atapanga chumba, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bumu la kwanza, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa serikali, likiwa halijaingia. Hapo ndipo ng'ombe wanapouzwa. Na bumu lenyewe, 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, ni lilelile Moshi na Dar.

Lakini wanaotetea chuo cha mbali wana hoja nzito. Chuo cha Ushirika, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1963, ni cha ushirika, uhasibu na biashara. Aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akitaka udaktari hana lake pale. Akisema asihame Moshi, ipo KCMC, hospitali yenye chuo cha udaktari, ila chuo kile si cha serikali, na ada yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Muhimbili, chuo cha serikali cha udaktari kilichoko Dar. Kwa huyo, Dar pamoja na nauli na kodi yake inaweza kuwa nafuu kuliko chuo kilicho jirani na kwao.

Kingine hakiandikiki daftarini. Binti anayelala nyumbani hutumwa. Majani ya ng'ombe yanamsubiri, bibi anahitaji kuogeshwa, maji hayajachotwa. Saa za maktaba zinaliwa hivyo, na matokeo ya muhula yakitoka hakuna anayezikumbuka.

Wapo wanaodai dawa ni kushusha ada. Nawaelewa, maana aliyekosa mkopo hukwamia hapo. Ila nimeona waliolipiwa ada yote na Bodi ya Mikopo wakilala wanne kwenye chumba cha mmoja, wakipika uji usiku ili mchana wavumilie. Kama fungu la serikali ni moja, mimi ningelipeleka kwenye mabweni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilijengewa mabweni mengi, na mzazi wa Kilimanjaro anayempeleka mwanawe kule hubaki na mzigo wa nauli zaidi kuliko wa kodi.

Nilimwambia shemeji apige simu Dar aulize habari za bweni kabla binti hajathibitisha. Kitanda kikipatikana, aende. Kikikosekana, abaki Moshi, ila kazi ya majani apewe mdogo wake wa kiume. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akaongeza mstari huo chini ya hesabu.