Sauti ya bibi imeondoka na tovuti ya bure

Jana jioni kanipigia mwanafunzi wangu, sasa hivi yuko kidato cha nne. "Madam shikamoo, ile sauti ya bibi bado unayo?" Nikajua ipi. Walipokuwa kidato cha pili niliwapa kazi, kila mtu akamrekodi mzee wa kwao akisimulia hadithi, na bibi yake alianza "Paukwa!" halafu akanyamaza, akagoma kabisa kuendelea mpaka wajukuu wakaitika "Pakawa!" kwa nguvu, na kwa nyuma unamsikia mtu anatwanga. Bibi wamemzika mwezi uliopita. Na hiyo sauti mi sina.

Sina kwa sababu zote 46 tulizipandisha kwenye tovuti fulani ya bure ya walimu, rahisi mno, unabonyeza linki unaweka basi. Siku moja wakatuma imeili kwamba huduma ya bure inafungwa, kila mtu apakue vitu vyake ndani ya siku 30. Imeili yenyewe naifungua nikipata bando la maana. Naiona, siku zimeshapita.

Walimu wenzangu, tuongee hili jamani. Kwenye semina tunapewa orodha ndefu ya vitu vya bure, hiki cha maswali, hiki cha kurekodi, hiki cha ubao, na hakuna anayeuliza kazi za watoto zinakaa wapi na siku wenyewe wakifunga tunabaki na nini mkononi. Na wanafunga kweli. Edmodo, tovuti ya madarasa iliyokuwa na walimu dunia nzima, ilifungwa 22 Septemba 2022. Jamboard, ule ubao wa mtandaoni wa Google, nao ukazimwa mwisho wa 2024, na hiyo ni Google, siyo kampuni ya uchochoroni.

Haya, Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, inachangamsha darasa, hilo nakubali, nimemwona mtoto asiyenyoosha kidole mwaka mzima akiruka juu kwa furaha. Lakini mazoezi yangu siku hizi natengeneza kwa Hot Potatoes, programu ya zamani iliyotoka Chuo Kikuu cha Victoria kule Kanada, bure tangu 2009, sura yake ya kizamani kweli, ila unaandika "Vitabu ___angu ___meanguka", unaweka majibu, inakutolea ukurasa unaofunguka kwenye brauza bila intaneti. Faili ni lako. Liko kwenye flashi, liko kwenye kompyuta ya shule, ukihama kituo unamwachia mwenzako, bando liwepo lisiwepo watoto wanafanya upatanisho wa kisarufi.

Na sauti hivyohivyo: simu inarekodi, nasafisha kelele kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, nahifadhi sehemu mbili, na kabla sijaipa maksi nakala inarudi nyumbani kwa yule mzee, kwa WhatsApp au Bluetooth. Hiyo ndo niliyotakiwa kuifanya tangu siku ya kwanza, maana ile sauti haikuwa kazi ya darasa tu, ilikuwa mali ya familia na mimi ndo niliyekabidhiwa.

Tangu jana nawapigia wale wote ambao namba zao ninazo. Mmoja kaniambia yeye na yule binti aliyenipigia walirekodia simu moja, ya kaka yake, ikaja kupasuka kioo na iko kabatini mpaka leo haijauzwa. Jumamosi naifuata, nimpelekee fundi.