Nipigieni Upande wa Pili

Juzi, katikati ya Nairobi, muuzaji mmoja wa santuri za zamani alinionyesha simu badala ya kunipigia muziki. Nilikuwa nimeshika santuri ya bendi ya Simba Wanyika, ile ndogo ya 45, yaani inayozunguka mara 45 kwa dakika, haina jalada, mikwaruzo imejaa. Kwenye simu kulikuwa na bei ya nakala safi iliyoko Ujerumani. "Bei yake ndiyo hiyo, kaka." Nikamwomba aiweke kwenye mashine ya kupigia santuri. Akasema mashine ni ya mapambo.

Nilikasirika, na mpaka sasa sijapoa.

Santuri ya muziki wa dansi hainunuliwi kwa macho! Upande mmoja wa 45 hubeba dakika nne, tano hivi, na nyimbo za bendi zetu zilizidi hapo. Basi wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Huku ni kisa, mapenzi na lawama zake. Ukigeuza, waimbaji wanapisha, magitaa ya solo na ridhimu yanajibizana, gitaa la besi linazunguka, na hapo ndipo watu huacha viti. Sasa mimi nalipa, nafika nyumbani, sehemu ya kwanza inaimba vizuri, ya pili inarukaruka palepale gitaa linapokolea. Nimenunua nusu ya wimbo. Nusu dakika ya kusikiliza dukani ingeniambia yote hayo.

Msiniambie haiwezekani. Pale Kenyatta Market, kati ya wasusi na moshi wa nyama choma, Jimmy Rugami huuza santuri na kutengeneza mashine zake pia. Sindano nzima ya mashine si anasa kwa mtu ambaye biashara yake ni santuri.

Haya, nakubali: wauzaji hawa ndio waliookoa mizigo iliyokuwa inaelekea jalalani, na kodi ya mjini si mchezo. Mgeni akija na yuro, auziwe. Lakini bei ya nakala safi ni ya nakala safi.

Hata bendi za Tanzania zilikuja Nairobi kutoa santuri, kwa kuwa kwao hakukuwa na kiwanda. Mji uliozifyatua haukosi mahali pa kuzisikiliza.

Nipigieni upande wa pili. Ukiwa mzima, nitalipa bei mnayotaja, wala sitaomba kupunguziwa.